Mtoto Aliyegeuzwa Ushahidi

Januari 1910, mvulana wa miaka 11 aliyevaa kaptura alisimama mbele ya klabu ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, akawafundisha wakubwa. Mada yake ilikuwa maumbo yenye vipimo vinne, yaani urefu, upana, kimo na kingine cha nne ambacho jicho halikioni, hesabu tu ndiyo inayokifikia. Daniel Comstock, mwanafizikia wa chuo jirani cha MIT, aliwatabiria waandishi wa habari kwamba huyu atakuwa mwanahisabati mkubwa. Ukumbini alikuwamo pia Norbert Wiener, kipanga mwingine, mwenye miaka 15, ambaye baadaye aliandika kwamba mhadhara ule ungempa sifa hata mwanafunzi wa shahada ya juu wa umri wowote. Magazeti yakalitangaza jina nchi nzima: William James Sidis.

Utabiri haukutimia. Sidis alifariki Julai 1944 mjini Boston, akiwa na miaka 46, kwa damu kuvuja ubongoni. Alikuwa akiishi chumba cha kupanga. Kwa miaka mingi alifanya ukarani, akijumlisha hesabu za ofisi za watu kwa mashine kwa ujira mdogo, na ofisi ikishagundua yeye ni nani, alikuwa akiacha kazi na kwenda kutafuta nyingine.

Wasimuliaji wengi hukimbilia kusema kwamba akili nyingi huondoa maarifa, kana kwamba kosa lilikuwa kwenye kichwa cha mtoto. Mimi nalitafuta sebuleni kwa wazazi wake, na nalitafuta kwa uangalifu, kwa sababu wazazi wale hawakuwa wabaya wala wavivu.

Boris na Sarah Sidis walikuwa Wayahudi waliokimbia utawala wa mfalme wa Urusi, wakatua Marekani mikono mitupu. Elimu ndiyo iliyowatoa. Boris alisoma saikolojia Harvard chini ya William James, mwanasaikolojia mashuhuri, na mtoto akapewa jina la mwalimu huyo. Sarah alihitimu udaktari wa tiba Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1897. Mwaka uliofuata mtoto alizaliwa, naye akaiacha tiba ili amlee. Watu wa namna hii hawana haja ya kuambiwa thamani ya shule.

Lakini Boris alikuwa na nadharia. Aliamini kwamba shule za kawaida zinaviza akili, na kwamba mtoto yeyote akianzishwa mapema, kwa mazungumzo na udadisi badala ya viboko na kukariri, atafika mbali. Nusu ya imani hiyo ningeitia saini leo. Tatizo ni kwamba nadharia inahitaji ushahidi, na ushahidi ulikuwa ukilala chumba cha pili. Kila William alipojua jambo jipya, baba alipata hoja mpya. Mtoto akafanya mengi kweli: alisoma angali mdogo mno, akajifunza lugha kadhaa, akatunga na yake mwenyewe. (Zile namba za akili za 250 hadi 300 zinazozungushwa mitandaoni hazina karatasi yoyote nyuma yake. Msomaji azitupe.)

Harvard ilimkataa akiwa na miaka 9. Walimu wakasema anayaweza masomo, ila umri haumruhusu. Baba hakukubali, akaendelea kubisha hodi, na mwaka 1909 mlango ukafunguka. Tukiuangalia ung'ang'anizi huo kwa haraka tutauita utetezi, kwani ndivyo tunavyowahimiza wazazi wafanye: usikubali jibu la kwanza, mpiganie mwanao. Swali ni moja tu: ilikuwa haja ya nani? Mtoto wa miaka 11 aliyepelekwa kusoma miongoni mwa vijana wa miaka 18 na 20 alipata hisabati, na alipata pia kejeli. Dada yake, Helena, alikuja kusimulia jinsi kaka yake alivyofanywa kichekesho pale chuoni. Utetezi wa wazazi uliishia kwenye ofisi ya udahili. Haukufika uani, bwenini wala mezani pa chakula, ambako mtoto alikuwa akiuhitaji zaidi.

Halafu yakaja magazeti, na hapa ndipo ninapowalaumu wazazi bila kusita. Hawakuwafukuza waandishi. Mwaka 1911 Boris alichapisha kitabu kidogo, *Philistine and Genius*, cha kuzishambulia shule za nchi yake, na ndani yake akamweka mvulana mmoja wa ajabu kuwa mfano. Hakumtaja jina, wala haikuwa lazima. Msomaji yeyote wa gazeti alijua ni nani. Tangu hapo mtoto akikosea, amekosea mbele ya taifa, na akichoka, nadharia ya baba ndiyo iliyoshindwa. Walikuwa wakimpigania William, lakini aliyekuwa akishinda kila mara ni hoja ya Boris.

Alipohitimu mwaka 1914, akiwa na miaka 16, aliwaambia waandishi kwamba maisha anayoyataka ni ya faragha, na kwamba hataoa. Kijana wa umri huo akisema vile mbele ya kalamu za magazeti, nyumbani kwake kungepaswa kuitishwa kikao. Mwaka uliofuata alikuwa Houston, akifundisha hisabati katika taasisi mpya ya Rice wanafunzi waliomzidi umri. Hakumaliza hata mwaka. Akaingia shule ya sheria Harvard, akaiacha kabla ya kuhitimu. Mei Mosi ya 1919 alikamatwa Boston katika maandamano ya wasoshalisti yaliyoishia kwa vurugu, akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Wazazi walimwepusha na jela, lakini wakamweka kwenye kituo chao cha tiba ya maradhi ya akili huko New Hampshire, kisha wakampeleka California. Yeye mwenyewe aliuita muda ule utekaji. Boris alipofariki mwaka 1923, mwanawe hakuhudhuria mazishi.

Na je, akili ilikwenda wapi? Haikwenda popote. Mwaka 1925 alichapisha kitabu kuhusu chanzo cha uhai na ulimwengu, na karibu hakuna aliyekisoma. Mwaka 1926 akatoa kingine kwa jina la bandia la Frank Folupa, mada yake tiketi za kuunganishia safari za tramu, vile vikaratasi abiria anavyopewa ili ashuke gari moja na kupanda jingine bila kulipa tena. Alivikusanya, akavipanga kwa rangi, kwa miji na kwa namna vinavyoonyesha saa na upande wa safari. Wakosoaji wamekicheka kitabu kile kwa karibu miaka mia. Mimi nakiona kama kazi pekee ambayo hakuna aliyemwagiza. Hakikuthibitisha lolote la mtu yeyote, na ndiyo maana alikiandika akiwa amejificha.

Maficho hayakudumu. Mwaka 1937 jarida la *The New Yorker* lilimfuatilia hadi chumbani kwake na kuchapisha makala ya kumdhihaki. Akashitaki. Mwaka 1940 mahakama ya rufaa ilikiri kwamba makala ile ilikuwa ya kikatili, lakini ikasema yeye ni mtu ambaye umma ulikwisha kuwa na haki ya kumjua, kwa kuwa aliwahi kuwa maarufu. Umaarufu wenyewe alipewa akiwa na miaka 11, na hakuna aliyemuuliza kama anautaka.

Tumrudie yule Wiener wa ukumbini, maana kisa chake kinatunyima jibu jepesi. Baba yake, Leo, alikuwa mwalimu wa lugha Harvard, naye akimfundisha mtoto kwa ukali na makaripio. Lakini mwaka 1906, Norbert alipokuwa tayari kwa chuo akiwa na miaka 11, Leo hakumpeleka Harvard. Alichagua Tufts, chuo kidogo, mtoto akaendelea kulala kwao na jioni kucheza na watoto wa mtaani, mbali kidogo na waandishi. Hata hivyo Leo naye aliteleza. Alilieleza jarida moja kwamba watoto wake hawana kipawa cha pekee, ila wamefundishwa vizuri. Norbert aliisoma kauli hiyo, na katika kumbukumbu zake za mwaka 1953 jeraha bado linaonekana: alielewa kwamba akifaulu, sifa ni za baba, na akishindwa, kosa ni lake. Wiener alikuja kuwa mwanahisabati mkubwa, lakini alibeba vipindi vya huzuni nzito maisha yake yote.

Wako waliofanya vizuri zaidi. Billy na Grace Tao wa Adelaide, Australia, walimpeleka mwanao Terence shule akiwa na miaka mitatu na nusu, wakaona hajakomaa kukaa darasani, wakamwondoa bila kuona haya. Baadaye walikaa na walimu, wakakubaliana asome kila somo kwa kiwango chake: hisabati na wakubwa, mengine karibu na rika lake. Akiwa na miaka 9 alihudhuria baadhi ya vipindi vya hisabati chuo kikuu, lakini baba alikataa kumwingiza chuo moja kwa moja, akisema kukimbilia kuwa wa kwanza kwa udogo ni maonyesho tu. Terence Tao alipata Medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 2006, akiwa na miaka 31. Medali hiyo nisingeitumia kuwapongeza wazazi. Ningewapongeza kwa siku ile waliyomwondoa shule na kurudi naye nyumbani.

Kwetu Tanzania, Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza orodha ya watahiniwa kumi bora. Wengi walilalamika. Mimi nilishukuru, kisha nikafungua simu na kukuta wazazi wameziba pengo: cheti cha mtoto, picha ya mtoto, jina kamili na shule anayosoma, vyote kwenye kundi la ukoo, la mtaa na la kazini. Wakati huohuo, mtoto yuleyule anamaliza hesabu za darasani mapema, anakaa bila kazi, anasumbua wenzake, na mwalimu mwenye darasa lililojaa anamwandika mtundu. Huko ndiko mzazi anakotakiwa.

Nenda shule na madaftari ya mtoto. Sifa ziache nyumbani. Mwonyeshe mwalimu ukurasa ambapo mtoto alibuni njia yake ya kufika kwenye jibu, na ule alioukatia tamaa kwa sababu umerudia jambo analolijua. Omba kitu kidogo kinachowezekana katika darasa kubwa: maswali ya darasa la juu kwa somo moja, kitabu cha kusoma akishamaliza, ruhusa ya kukaa na darasa la mbele vipindi viwili kwa wiki. Kurushwa darasa zima kuje baadaye, na muulize mtoto kwanza atacheza na nani wakati wa mapumziko. Akikosa jibu, subiri. Ukitaka ajaribu shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha au Kilakala, mweleze wazi kwamba huko atakuta wenzake wanaomzidi na kwamba hilo halitamshushia hadhi nyumbani. Watoto waliozoea kuongoza huumia sana muhula wa kwanza, na barua zao hazisemi.

Mwandishi wa habari akija, au shangazi mwenye simu nzuri, muulize mtoto akiwa peke yake, si mbele ya mgeni. Mtoto wa miaka 11 anajua kusema hapana akiulizwa na mtu anayengoja jibu.