Kusema na Mnyonge kwa Lugha Yake

Tujiulize swali moja. Mtu aliyesoma akitaka kumsaidia mnyonge, aseme naye kwa lugha gani? Wengi watajibu upesi: Kwa lugha anayoifahamu mnyonge mwenyewe. Jibu hilo ni kweli, lakini halimalizi neno. Maana mvuvi naye hutia chambo ambacho samaki anakipenda. Je, mvuvi anampenda samaki? Tutazame jambo hilo katika habari za watu wa mbali, yaani wafanya kazi Wayahudi waliohamia London na New York.

Tangu mwaka 1881 Wayahudi wengi wa Urusi walipigwa na kunyang'anywa mali yao, na umaskini ukawasonga. Basi wengi wakahama. Katika miaka 40 iliyofuata, karibu milioni 2 wa Ulaya ya mashariki walivuka bahari kwenda Marekani. Wengine walikaa London. Wengi wao walishona nguo katika vyumba vidogo vyenye joto na vumbi, tangu alfajiri mpaka usiku, kwa mshahara haba. Lugha yao ilikuwa Kiyidishi. Asili yake ni Kijerumani cha zamani, kilichochanganyika na maneno ya Kiebrania na ya Waslavi, nacho huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Kwa lugha hiyo mama alimbembeleza mtoto, na baba alipatana bei sokoni. Lakini wengi waliosoma waliidharau. Walisema: Hii si lugha, ni maneno yaliyoharibika tu.

Mwaka 1882 kijana mmoja, jina lake Abraham Cahan, alifika New York. Akaenda kwenye mkutano ambamo wasomi waliwahutubia wafanya kazi Wayahudi kwa Kirusi. Cahan akawauliza sababu ya kusema na watu hao kwa lugha isiyokuwa yao. Wenzake wakaona ni mzaha, wakamwambia ahutubie yeye mwenyewe. Akakubali. Muda si mrefu akasimama mbele ya watu, akawaeleza mambo yao kwa Kiyidishi.

Ndipo magazeti yakazidi kutokea. London walipiga chapa Arbeter Fraynd, maana yake Rafiki wa Mfanya Kazi, tangu mwaka 1885. New York walianzisha Fraye Arbeter Shtime, yaani Sauti Huru ya Mfanya Kazi, mwaka 1890, na Forverts, yaani Mbele, mwaka 1897. Cahan aliongoza Forverts kwa miaka 40 na zaidi. Baada ya mwaka 1920 gazeti hilo lilitoa nakala zaidi ya 200,000 kwa siku moja.

Lakini tuulize tena: Waandishi hao waliipenda lugha ya watu, au waliitumia tu? Si wachache waliosema wazi kwamba Kiyidishi ni ngazi: ukiisha kupanda, waiacha. Walitaka kuleta mafundisho yao tu. Hicho ni chambo.

Basi, tutajuaje chambo na heshima? Sisi twaona alama moja. Mwenye chambo husema, wala hangoji jibu. Mwenye heshima husema, kisha hunyamaza na kusikiliza. Ukisema na mtu kwa lugha yake, nawe hutaki akujibu, umemvua kama samaki.

Kwa hiyo twasifu jambo lililotokea mwaka 1906. Forverts lilianza kutoa barua za wasomaji, na mahali pake katika gazeti paliitwa A Bintel Brief, maana yake Furushi la Barua. Wake walioachwa na waume waliandika. Vijana waliogombana na wazazi wao juu ya dini waliandika. Gazeti likawajibu. Siku hiyo mshona nguo hakuwa msikilizaji tu, alikuwa na neno lake.

Tena tarehe 22 Novemba 1909, katika ukumbi wa Cooper Union huko New York, wakubwa walihutubia kwa muda mrefu, wakishauri watu wawe waangalifu. Ndipo msichana mmoja mshona nguo, Clara Lemlich, akaomba nafasi. Akasema maneno machache kwa Kiyidishi: tuache kazi. Wafanya kazi kama 20,000, wengi wao wanawake, wakagoma. Lugha iliyodharauliwa ikafanya kazi ambayo hotuba ndefu hazikuifanya.

Hata hivyo hatuwezi kuficha kosa lao. Wengi katika magazeti hayo walimkana Mungu, wakadhihaki kufunga na sala za wazee. Hapo walijipinga wenyewe. Maana mama aliyewafundisha Kiyidishi alimwomba Mungu kwa lugha hiyo hiyo. Anayeheshimu maneno ya maskini, kisha akacheka machozi yaliyo ndani ya maneno hayo, amemheshimu nusu.

Mmoja wao hakuupenda mzaha huo, ingawa naye hakuamini. Ni Rudolf Rocker, Mjerumani wa Mainz, aliyezaliwa mwaka 1873 katika nyumba ya Wakatoliki na kulelewa katika nyumba ya yatima. Baadaye aliacha dini, akafuata wale wasiotaka serikali yo yote. Katika hayo hatumfuati. Yeye hakuwa Myahudi. Alipohamia London, mwaka 1895, hakujua kusoma Kiyidishi. Akajifunza, na mwaka 1898 akawa mwandishi wa Arbeter Fraynd. Mwaka 1912 washonaji wa London waligoma, wakashinda. Lakini wafanya kazi wa bandarini, ambao wengi wao walikuwa Wakatoliki wa asili ya Ireland, walikuwa wangali katika mgomo, na watoto wao wana njaa. Nyumba za Wayahudi maskini zikawapokea watoto zaidi ya 300, zikawalisha. Watu walioheshimiwa walijua kuheshimu wengine.

Nasi tukiri neno letu. Tulipotoka seminari tulipenda maneno makubwa. Wazee waliitika: Ndiyo, ndiyo, nasi tukadhani wamefahamu. Siku moja mama mmoja mzee akatuambia kwa upole: Mwalimu, maneno yako ni mazuri, lakini hayajaingia nyumbani mwangu. Tuliona haya.

Tangu mwaka 1939 mpaka 1945 Wayahudi milioni 6 wa Ulaya waliuawa, na wengi wao walisema Kiyidishi. Wajukuu wa wahamiaji nao wengi wameshika Kiingereza. Ngazi, basi, imeachwa na wengi. Lakini barua za wale wake na wale vijana zingali zasomwa hata leo, kwa sababu siku ile palikuwa na mtu aliyengoja jibu.

Ndugu msomaji, wewe unayefundisha, unayeongoza, unayelea watoto: je, wangoja jibu?