Lawama na Mgonjwa

Mtu akiugua, swali la kwanza aulizwalo na jirani ni hili: ulikula nini? Swali hili ni la huruma likitoka katika kinywa cha daktari, maana daktari huliuliza ili apate njia ya kutibu. Lakini likitoka katika kinywa cha mtu aliyekwisha kata hukumu, si swali tena bali ni mashtaka. Ndani yake mna maneno yasiyosemwa: umejitakia mwenyewe. Nataka wewe, msomaji kijana, ufikiri pamoja nami kama mashtaka hayo yana haki.

Twende kwanza Kawangware, Nairobi, mahali paitwapo 46 kwa ajili ya nambari ya matatu zinazoishia pale. Chukua mfano wa mama mshona nguo aliye na maradhi ya vidonda vya utumbo mpana. Haya si yale ya vidonda vya tumbo yajulikanayo na wengi. Katika maradhi haya kinga ya mwili, iliyo askari wa kupigana na adui wa nje, huigeukia nyumba yake yenyewe. Ngozi ya ndani ya utumbo huvimba, huwaka na kutoka damu. Maradhi haya hayaambukizi. Yana majira yake: hutulia hata mtu akadhani yamekwisha, kisha hurudi. Dawa za kuyatuliza zipo, lakini dawa ya kuyang'oa kabisa haijapatikana. Yakirudi, mama huyu huenda chooni mara kumi kwa siku, na choo ni kimoja kwa wapangaji wa vyumba vingi. Mwili wake hukonda. Majirani hunong'ona. Mmoja husema ni chipsi za kila jioni. Wa pili husema ni uvivu wa kupika. Wa tatu hutaja mambo mabaya zaidi.

Je, yule wa kwanza amekosa kabisa? Hapana. Katika maneno yake mna punje ya ukweli, nasi yatupasa kuitafuta. Ndani ya utumbo wa kila mtu huishi bakteria kwa matrilioni, na hesabu yao hukaribia hesabu ya seli za mwili wenyewe. Wengi wao si adui. Maganda ya maharagwe, na nyuzinyuzi za mahindi na sukuma wiki, hupita tumboni bila ya kusagika, maana mwili wetu hauna uwezo wa kuziyeyusha. Wahenga walisema, ganda la muwa la jana chungu kaona kivuno. Ndivyo ilivyo hapa. Kilichotushinda sisi ni mavuno kwa bakteria. Hukichachusha, na katika kuchachusha huko hutoa aina za asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kuwatuliza askari wa kinga. Hiyo ndiyo kodi walipayo kwa nyumba waliyopanga.

Ushahidi wa jambo hili umepatikana karibu nasi. Mwaka 2025 wataalamu wa Moshi, Tanzania, pamoja na wenzao wa Uholanzi, walitoa habari za uchunguzi uliofanywa kwa wanaume 77 wenye afya katika mkoa wa Kilimanjaro. Baadhi yao, waliozoea vyakula vya asili, walipewa vyakula vya mtindo wa Kizungu kwa wiki mbili. Wengine, waliozoea vyakula vya mjini, walipewa vya asili. Kwa wale wa kwanza dalili za mwako katika damu zilipanda. Kwa wale wa pili zilishuka. Baadhi ya mabadiliko hayo yalionekana hata baada ya wiki nne. Basi chakula si jambo dogo.

Lakini angalia sana, msomaji, usiruke shimo usilolipima. Wanaume wale walikuwa wazima, na muda ulikuwa mfupi. Kusema kwamba chakula hupandisha au hushusha mwako ni neno moja. Kusema kwamba mama huyu alijiletea maradhi kwa chakula chake ni neno jingine. Watoto wa baba mmoja na mama mmoja hula katika sufuria moja. Mmoja akaugua, wenzake wakabaki wazima. Urithi wa damu umo, bakteria wamo, na mazingira yamo. Tena jirani amshauriye mgonjwa ale githeri kila siku aweza kumdhuru kwa nia njema, maana maradhi yakiwa yamechachamaa, vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi huweza kumtesa, na mara nyingi madaktari huagiza vipunguzwe kwa muda. Chakula kimlindacho mzima chaweza kumwumiza mgonjwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Liko na jambo la tatu. Maharagwe makavu hutaka moto wa saa nyingi, na makaa ni fedha. Mama huyu atokapo kazini usiku, chipsi za kando ya njia ziko tayari. Hakuchagua baina ya chakula chema na kibaya; alichagua baina ya kula na kulala njaa. Ikiwa pana kosa hapa, basi kosa lina washirika wengi: bei ya makaa, ujira mdogo, na mwenye nyumba aliyejenga vyumba vingi na choo kimoja.

Yamkini utauliza: ikiwa mgonjwa hana lawama, je, hana wajibu pia? Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa huchanganya mambo mawili. Lawama hutazama nyuma. Wajibu hutazama mbele. Moto ukitoka chumba cha jirani ukashika chako, huna kosa lolote, lakini hukosi wajibu wa kuchota maji. Mama huyu ana wajibu wa kutumia dawa zake hata siku anazojiona mzima, wa kuangalia ni chakula gani kinachomwumiza na kipi kinachomfaa, na wa kuwakimbia wauzao unga na chupa za kuponya kila kitu. Mzigo huu ni wake, nao ni mzito wa kutosha. Ukimwongezea lawama hutamponya; utamfundisha kuficha maradhi yake tu, na maradhi yaliyofichwa hayatibiwi.

Wajibu wa jirani nao hutazama mbele. Ni kumpisha katika safu ya choo bila ya kumwuliza sababu. Ni kumwekea kikombe cha uji bila ya hotuba. Ni kudai pamoja naye choo cha pili. Basi utakapomtembelea mgonjwa, usianze na swali la kale, ulikula nini? Mwulize hivi: leo utaweza kula nini? Kisha keti usikie jibu lake.