Kitanda Tusichokilalia: Kura ya Aliye Mbali na Nyumbani



Jumapili mbili zilizopita, baada ya ibada, chai ilipoa mezani kwa sababu ya mabishano. Ndugu mmoja aliuliza kama sisi wa Minnesota tutapata nafasi ya kupiga kura Kenya itakapofanya uchaguzi Agosti 2027. Mzee mmoja akamjibu kwa methali: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Dada mmoja aliyekuwa ametoka shifti ya usiku, bado amevaa sare ya kazi, akaweka kikombe chini na kuuliza, "Na karo ya watoto wanaolala kwenye hicho kitanda, baba, inalipwa na nani?" Watu walicheka, lakini si wote.

Nimekaa na swali hilo wiki mbili. Je, aliyeondoka ana haki ya kuwachagulia kiongozi waliobaki? Naliandika hapa kwa sababu naona si swali la siasa peke yake. Ni swali la jinsi ya kumpenda jirani ambaye humwoni.

Kwanza tuangalie mambo yalivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 82, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuwaandikisha raia wanaoishi nje na kuwawezesha kupiga kura hatua kwa hatua. Hatua zenyewe zimekuwa fupi. Mwaka 2013 waliopiga kura nje ni waliokuwa Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Mwaka 2017 Afrika Kusini ikaongezwa. Mwaka 2022 nchi zikafika 12, Marekani ikiwemo, na walioandikishwa nje wakawa 10,443 kati ya wapiga kura zaidi ya milioni 22. Hapa Marekani vituo vilikuwa Washington, New York na Los Angeles. Mtu wa Brooklyn Park akitaka kwenda kwa gari, kituo cha karibu kabisa kilikuwa zaidi ya maili 1,000, na safari ni mbili: ya kujiandikisha na ya kupiga kura. Akifika, anapewa karatasi ya rais tu. Gavana, mbunge na mwakilishi wa wodi wanachaguliwa na walioko nyumbani.

Ndugu zetu wa Kongo walioko nje walipiga kura kwa mara ya kwanza Desemba 2023, katika nchi tano, Marekani ikiwa mojawapo. Lakini katiba yao haikubali uraia mwingine pamoja na wa Kongo, kwa hiyo aliyeapa kuwa Mmarekani hayumo tena. Watanzania wetu hawana utaratibu wowote wa kupigia kura nje, na wao pia, anayechukua uraia wa hapa anauacha wa kule. Basi meza yetu moja ya chai ina watu wa kila hali: mwenye haki asiyeweza kuifikia, aliyekuwa nayo akaiacha, na ambaye hajawahi kupewa.

Tusikilize sasa hoja ya yule dada. Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024. Pesa hizo ni jasho la watu tunaowajua, wanaogeuza wagonjwa vitandani usiku, wanaoendesha malori kwenye barafu. Namheshimu dada huyu, na mimi pia ninatuma. Lakini hoja hiyo tukiifuata mpaka mwisho wake, itatugeuka. Kama pesa ndiyo inayozaa kura, basi tajiri wa Nairobi apewe kura mia, na shangazi yangu anayeuza mboga kando ya barabara asipewe hata moja. Yesu aliketi akitazama watu wakitoa sadaka hekaluni, akasema mjane mwenye senti mbili ametoa kuliko wote. Hapa kanisani hatumpi anayetoa zaka kubwa kiti cha mbele. Kwa nini tutake nyumbani kile ambacho hapa tungekiona ni aibu?

Hoja ya mzee ni nzito zaidi. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilipopendekeza kodi ya asilimia 16 kwenye mkate, vijana waliojaza barabara mwezi wa Juni ni wale ambao mkate huo ungepanda bei mezani mwao. Sisi tulitazama kwenye simu. Anayebeba mzigo ndiye ajuaye uzito wake, na kumchagulia mwenzako mzigo ambao wewe hutaubeba ni jambo la kuogopa.

Hata hivyo, mzee wangu aniruhusu nimkumbushe jambo. Kila mmoja wetu humu amechangia kusafirisha mwili wa marehemu kwenda kuzikwa kwao. Tunapitisha bahasha, tunatuma kwa simu, hatulali mpaka ndege iondoke. Tunaamini kwamba aliyeishi hapa miaka 30 bado ana udongo wake kule. Ni vigumu kusema kwamba mtu huyo ni wa nyumbani akiwa ndani ya jeneza, na alipokuwa hai hakuwa wa nyumbani. Tena wengi hatukuondoka kwa hiari. Wapo kati yetu waliokimbia risasi Kivu, wakakaa miaka kambini kabla ya kuiona theluji ya Saint Paul. Kumwambia mtu aliyefukuzwa kwake kwamba amepoteza sauti kwa kuwa hayupo, ni kumwadhibu mara mbili.

Na nchi hii tunayoishi imejibu swali hili kwa namna yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 inamruhusu raia wake aliye nchi yoyote duniani kupiga kura akiwa huko huko, kupitia jimbo alikoishi mwisho. Akisafiri kwa muda, Minnesota inampa karatasi nzima. Akiwa amehama bila nia maalumu ya kurudi, inampa nafasi za serikali kuu tu: rais, seneta, mbunge wa Washington. Mambo ya mtaa yanabaki kwa wanaoishi mtaani. Naona busara hapo, na Kenya imefanya karibu vivyo hivyo kwa kutupa karatasi ya rais peke yake. Aliye mbali bado ni mwana wa nyumba, lakini hapangi ndugu zake watapika nini leo.

Mpaka hapo ningeweza kuhitimisha kwamba haki ipo, nayo ina mipaka. Lakini kuna jambo ambalo sikulisema siku ile ya chai, na ndilo lililonisukuma kuandika.

Mwaka 2022, wiki moja kabla ya uchaguzi, nilimpigia mama simu. Nilikuwa nimemtumia pesa asubuhi hiyo. Tukasalimiana, tukaongea habari za mvua, kisha nikamweleza kwa kirefu ni nani anayefaa kuwa rais na kwa nini. Nilizungumza kama mtu aliyesoma mengi. Mama alinyamaza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Nimesikia, mwanangu. Pesa nimepata, Mungu akubariki. Sasa niambie, siku ya pili yake wewe utaamkia wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilijua nitaamkia hapa, nikanywe kahawa na kwenda kazini. Yeye angeamka palepale, kati ya majirani wa makabila mawili, na matokeo yoyote yangepita mlangoni kwake. Anakumbuka vizuri. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa Kenya, na siku ya mwaka mpya wa 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo.

Siku ile nilielewa kwamba tunapolalamika kuwa hatuna kura, hatusemi ukweli wote. Tunazo. Tunazipiga kwa simu kila Jumapili jioni. Anayelipa karo na dawa akisema "mchagueni fulani," maneno yake hayafiki kama maoni ya mtu mmoja. Yanafika yakiwa na hospitali na ada ya shule nyuma yake. Mama anaweza kupuuza ushauri wa jirani. Ushauri wa mtoto anayetuma pesa ni mgumu kuupuuza, hata kama mtoto mwenyewe hakukusudia kutisha. Na tunapopeleka kwenye makundi ya familia ujumbe wa kulichafua kabila lingine, huo nao ni kura, na unahesabiwa mahali ambapo hakuna tume. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wahenga walisema. Lakini neno la mbali limewahi kuwasha moto, na aliyelituma hakusikia hata harufu ya moshi.

Kwa sababu hiyo nimebadilisha mawazo kuhusu kile tunachokiomba. Nilidhani kituo cha kura kikiletwa Minneapolis tutaongezewa nguvu. Sasa naona kingetupunguzia, na ndiyo maana nakitamani. Ndani ya kile kisanduku mimi na mama tunalingana. Kura yake ni moja, yangu ni moja, na hakuna anayejua ya mwenzake. Pesa niliyotuma haiingii humo. Nikiwa na kura yangu mwenyewe, sina tena sababu ya kuitafuta ndani ya mkono wake. Tuidai basi haki hiyo, kwa upole na bila kuchoka, kwa kuwa katiba imeiahidi. Lakini tuidai kama watu wanaotaka kuhesabiwa mara moja, sawa na muuza mboga.

Nehemia alikuwa mtu wa nje kama sisi. Alikuwa na kazi nzuri katika jumba la mfalme huko Shushani. Wageni walipofika kutoka Yuda, hakuanza kwa kuwaeleza la kufanya. Aliwauliza habari za watu na za mji, na aliposikia kuta zimebomoka alilia, akafunga, akaomba, na katika maombi yake akajihesabu pamoja na waliokosa. Baadaye alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache kuzikagua kuta kabla hajamwambia yeyote nia yake. Alikuwa na barua za mfalme mkononi, na bado alitazama kwanza.

Nawaomba tufanye mambo manne kabla ya Agosti 2027. Mwenye haki ya kujiandikisha ahakikishe pasipoti au kitambulisho chake cha taifa kiko sawa, kisha afuatilie matangazo ya tume. Aliye raia wa Marekani asipuuze kura ya hapa, kwa kuwa Yeremia aliwaandikia waliohamishwa Babeli wautakie mema mji wanaokaa. Minnesota inaanza kupokea kura siku 46 kabla ya uchaguzi, kwa hiyo hata mwenye shifti mbili ana nafasi. La tatu, siku ya kutuma pesa isiwe siku ya kuzungumza siasa na wazazi. Na la nne, tukipiga simu, tuulize kwanza. Unga ni bei gani? Mnalala salama? Jirani yenu yule wa kabila lingine, bado mnakopeshana chumvi?

Mama hajaniambia mpaka leo alimchagua nani mwaka ule. Sijamuuliza tena, na nimeanza kuona kwamba kutomuuliza ni sehemu ya heshima yangu kwake.

Bwana atupe masikio kabla ya midomo, na awalinde wote wanaolala kwenye kile kitanda tulichokiacha.

Amina.