Maji Chini ya Kofia ya Jino

Jino likishachongwa, daktari hulivika kofia ya muda, aghalabu ya plastiki. Kofia hiyo hulinda kisiki kilichobaki na kuzuia meno ya jirani yasisogee hadi ile ya kudumu iwe tayari, kwa kawaida wiki mbili tatu hivi. Gundi ya kofia ya muda ni dhaifu kwa makusudi, maana itatolewa.

Hapo Mwislamu huuliza: josho la janaba litasihi, ilhali maji hayafiki chini yake?

Swali ni la haki. Kwa Wahanafi kusukutua ni faradhi katika josho; kwa Mashafii, walio wengi pwani ya Afrika Mashariki, ni suna. Lakini wa kukumbukwa ni sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab. Alivaa pua ya fedha, ikanuka, Mtume (s.a.w.) akamwamuru avae ya dhahabu, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Dhahabu, iliyo haramu kwa wanaume, iliruhusiwa kwa haja ya mwili. Sembuse plastiki!

Basi josho litasihi kwa haja hiyo hiyo, na mvaaji asiichokonoe kofia yake kwa ajili ya josho. Aepuke chingamu na kashata, atafune upande wa pili, na uzi wa kusafishia meno auvute kwa pembeni. Ikidondoka, arudi kliniki mapema.