Dhambi Zilezile, Kila Mwezi



Swali hili nalisikia sana: "Frateri, niende kuungama nini tena wakati kila mwezi naungama yaleyale? Si unafiki huo?"

Naomba tupitie maabara kwanza. DNA ni maandishi yenye herufi nne, na moja wapo, sitosini, ina udhaifu: maji yaliyomo ndani ya seli huibadilisha ikawa urasili, herufi isiyo ya DNA. Katika seli moja hutokea mara 100 au zaidi kwa siku. Isiporekebishwa kabla seli haijajinakili, urasili husomwa kama thimini na kosa linakuwa la kudumu. Mwaka 1974 Tomas Lindahl wa Sweden alitangaza kimeng'enya kinachoisaka urasili hiyo, kwa kifupi UNG. Mwaka 2015 alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi ya namna hii.

UNG hakikati uzi mzima. Kinang'oa ile herufi mbovu tu, pengo linabaki, vimeng'enya vingine vinakuja kuziba. Kesho kosa lilelile, nacho kinarudi.

Watafiti wamekiazima. Kwenye PCR, mabaki ya nakala za jana yanaweza kuchafua kipimo cha leo, mtu akaambiwa ana vijidudu asivyo navyo. Basi nakala hutengenezwa kwa urasili badala ya thimini, na kipimo kipya huanza kwa UNG: za jana zinaharibiwa, DNA ya mgonjwa haiguswi. Yaani ya jana hayahesabiwi leo!

Mfano huu una mpaka, najua. Sitosini haina hiari, wewe unayo (wanafalsafa wangenibana hapo, tena kwa haki). Ndiyo maana Kanisa linadai majuto na nia ya kweli ya kuacha. Ila nia ya kweli siyo uhakika kwamba hutaanguka tena. Mnafiki ni yule anayeungama huku ameshapanga Jumamosi atarudia. Petro alidhani kusamehe mara 7 kunatosha. Yesu alimpeleka mbali zaidi, na hakuweka sharti kwamba kila kosa liwe jipya.

Kwa hiyo wewe uliyekaa tangu Pasaka kwa aibu, nenda. Sema hivyohivyo: "Padre, ni yaleyale." Ameshayasikia, hatashtuka. Na malipizi usiyaruke, maana lile pengo bado linahitaji kuzibwa.

Tuombeane.