Breki Zikikatika, Nani Ajibu?

"Ajali haina kinga," husema watu wakirudi makaburini, na neno hilo huwapa wafiwa nafuu kidogo. Hatuna ugomvi nalo likisemwa penye msiba. Lakini likitolewa msibani na kupelekwa mahakamani, hugeuka kuwa kifuniko. Lori limeteremka mlima bila kushikika, limewakuta watu kituoni, watu wamekufa. Dereva asema breki zilikatika. Mwenye gari asema alilipeleka kwa fundi juma lililopita. Fundi asema spea aliinunua dukani, ikiwa mpya. Mwenye duka asema aliipokea ndani ya boksi lake, wala hakuifungua. Mwenye kiwanda yuko ng'ambo, hata jina lake halijulikani. Yawezekana kila mmoja wao amesema kweli. Na mjane amebaki na kweli nne mikononi, wala hana wa kumjibu.

Jambo hili si la kubuni. Mwezi wa Februari 2024, lori lilipoyagonga magari mengine huko Ngaramtoni, karibu na Arusha, watu 25 walipoteza maisha, na taarifa za kwanza zilitaja kushindwa kwa breki. Nyumba nyingi miongoni mwa wasomaji wetu zina mtu wake barabarani: baba aendeshaye, kijana aliye utingo, mama apandaye basi na tenga lake kwenda sokoni. Kwa hiyo yatupasa kuuliza swali ambalo wengi huwaachia wanasheria: je, yafaa mtu kudaiwa kwa ajili ya kasoro asiyoijua?

Kwanza tuseme neno juu ya chombo chenyewe, maana bila hilo tutahukumu gizani. Malori makubwa hutumia breki za upepo. Upepo ulioshindiliwa ndani ya matangi ndio usukumao breki wakati dereva akanyagapo; na kwa usalama mtengenezaji ameweka springi zenye nguvu ambazo, upepo ukiisha, huzikaza breki zenyewe. Basi mtu asemapo "breki zimekatika", hajasema bado ni nini kilichotokea. Mara nyingine hakuna kilichokatika. Gari zito limeteremshwa kwa gia kubwa, au limeachwa liserereke bila gia ili kuokoa mafuta. Breki zimekanyagwa mlima mzima mpaka zikapata moto, nazo zikipata moto kupita kiasi hupoteza mshiko. Hilo ni kosa la uendeshaji, au la tajiri amhimizaye dereva awahi bandarini. Mara nyingine breki hazikurekebishwa miezi mingi, na hilo ni kosa la utunzaji. Na mara nyingine laini za breki zilikuwa za bandia tangu siku ya kwanza, au chuma kilikuwa na ufa tangu kiwandani. Sababu ni tatu, na wadaiwa ni watatu. Asiyetaka kuzichambua, akamtia dereva ndani na kufunga faili, hajatenda haki. Na asemaye "ni bahati mbaya" akafunga faili vilevile, hajatenda haki.

Twapenda kueleza kesi moja ya Uingereza iliyofika katika mahakama ya juu kabisa ya nchi ile, ambayo wakati huo ilikuwa Baraza la Malodi. Hukumu yake ilitoka mwaka 1969. Lori lilikuwa likiteremka mlima mkali, breki zikashindwa, likamwua mtu aliyekuwa akishuka katika gari lililosimama. Dereva hakuonekana na kosa. Palipochunguzwa, bomba la mafuta ya breki lilikuwa limetoboka kwa kutu: ukuta wake uliokuwa na unene wa milimita 0.7 ulikuwa umeliwa mpaka ukabaki 0.1 tu. Na hapo ndipo penye fumbo. Kutu ile ilikuwa upande usioonekana, mahali ambapo mtu hawezi kuuona pasipo kulifungua bomba lote na kulitoa garini. Wenye lori walionyesha kwamba walikuwa wakilikagua kila mara, na kwamba desturi ya mafundi haikuwa kulitoa bomba endapo sehemu inayoonekana ni nzima. Basi wakasema: kasoro ilikuwa imefichika, tungefanya nini zaidi?

Majaji walio wengi hawakuridhika, na sababu yao yastahili kufikiriwa na kila mwenye chombo. Kutu ya namna ile haikuwa ya kawaida. Kulikuwa na jambo lililoileta, labda chumvi, labda mzigo wa aina fulani uliomwagika. Lori lilikuwa na umri wa miaka mitano na lilikuwa limetembea maili 150,000. Nani ajuaye lilipita wapi na lilibeba nini? Si mjane. Ni mwenye lori peke yake. Naye hakuleta ushahidi wa maisha ya gari lake. Alisema tu kwamba kasoro haikuonekana. Majaji wakaona hilo halitoshi: atakaye kujitetea kwa kasoro iliyofichika sharti aonyeshe kwamba aliyajua mambo yote ya gari lake, na kwamba hakukuwa na jambo la kumwonya. Majaji wawili kati ya watano walipinga, wala hatusemi walikuwa wajinga. Lakini sisi twaona walio wengi walishika penye uzito. Kusema "sikujua" ni utetezi wa kweli kwa yule tu aliyejitahidi kujua.

Sasa tumgeukie mwenye kiwanda. Zamani sheria ilimkinga kabisa. Mwaka 1842 mahakama ya Uingereza ilimkatalia dereva wa gari la farasi la posta, aliyekuwa ameumia gari lilipovunjika njiani. Wakasema mkataba wa kulitunza gari lile aliufanya mwenye gari na wakuu wa posta, wala dereva hakuwamo. Waliogopa kwamba wakimsikiliza yeye, madai hayatakuwa na mwisho. Hofu ile ilidumu miaka mingi. Kisha huko New York gurudumu la gari la Buick lilivunjika spoki zake za mbao, na mwenye gari, fundi wa kuchonga mawe, akaumia. Kampuni ikajitetea mara mbili: gurudumu tulilinunua kwa kiwanda kingine, na gari tulimwuzia wakala, si mtu huyu. Mwaka 1916 Jaji Benjamin Cardozo na wenzake walio wengi walizikataa hoja zote mbili. Mtu atengenezaye chombo ambacho kikiwa kibovu chaweza kuua, naye ajua kwamba kitatumiwa na wengine ambao hawatakipima upya, adaiwa uangalifu kwa watu wale, awe amewauzia au hakuwauzia. Mwaka 1932 Uingereza nayo ilifuata njia hiyo. Mambo hayo si ya mbali nasi kama yanavyoonekana, maana sheria za Uingereza zilifanywa kuwa msingi katika mahakama za Kenya kwa tarehe ya 12 Agosti 1897, na za Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai 1920. Na hukumu za huko za baadaye, ijapokuwa hazitufungi, mahakimu wetu huzisoma na kuzipima.

Lakini mpaka hapo bado twazungumza juu ya mzembe. Je, mwenye kiwanda aliyejitahidi kwa kila njia, na bado chuma kimoja kati ya elfu kikatoka na ufa? Mwaka 1963 mahakama ya California ilisema alipe hata hivyo, bila kuulizwa kama alizembea. Nchi za Ulaya ziliandika kanuni ya namna hiyo mwaka 1985, zikaiandika upya mwaka 2024. Wako waonao huo ni uonevu: mtu aadhibiweje pasipo kosa?

Twadhani wanachanganya mambo mawili, adhabu na deni. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274 na hakuona lori maishani mwake, aliyatenganisha alipoandika juu ya kuuza na kununua. Muuzaji ajuaye kasoro ya hatari na kuificha ametenda dhambi. Muuzaji asiyeijua hakutenda dhambi. Lakini siku ile kasoro itakapojulikana kwake, adaiwa kumfidia mnunuzi. Mtu aweza kuwa na moyo safi na bado akawa na deni. Wafugaji wetu walilijua jambo hilo pasipo kusoma vitabu: ng'ombe wako akiingia shambani mwa jirani usiku, hakuna akuitaye mwizi, lakini mahindi utayalipa. Naye mwenye kiwanda amepata faida katika vyuma 999 vilivyo vizima. Hatuoni sababu kwa nini hasara ya kile kimoja iangukie miguu ya utingo aliyevunjika mgongo, ambaye hakupata faida katika chuma hata kimoja.

Hatusahau mwenye lori moja tu, aliyekopa benki ili alinunue, na ambaye kesi moja yaweza kumrudisha kwenye jembe. Huyo ndiye hasa aibiwaye na wauza spea za bandia. Ananunua laini za breki kwa bei nafuu, jina kubwa limechapwa juu ya boksi, ndani mna takataka. Sheria za kuwashika wauzaji hao zipo, Tanzania tangu Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na Kenya ile ya 2008 ya kupambana na bidhaa bandia. Lakini mara nyingi hununua bila stakabadhi, kwa kuwa bila stakabadhi bei hupungua tena. Na siku ya siku hawezi kumshitaki mtu, maana hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba duka lile lilimwuzia. Hapo twasema wazi kwamba unafuu ule ameununua kwa usalama wa watu wengine, na hakuwauliza.

Na liko jambo dogo ambalo huharibu kesi nyingi kabla hazijaanza. Gari lililoanguka huvutwa kando, mzigo huhamishwa, na baada ya majuma machache mabaki huuzwa kama chuma chakavu. Bomba lililotoboka, ekseli iliyokatika, laini iliyomomonyoka, vyote huenda tanuruni. Kule Uingereza kipimo cha milimita 0.1 kilijulikana kwa sababu bomba lenyewe lilihifadhiwa likapimwa. Wafiwa hawana budi kuomba mapema, kwa maandishi, kwa polisi na kwa kampuni ya bima, kwamba kipande kilichovunjika kisiuzwe mpaka mkaguzi wa magari akione. Wakiwa hawajui kuandika barua ya namna hiyo, mwalimu wa shule au katekista wa kigango aweza kuwaandikia katika juma lile lile la msiba.