Kisichozaa Kina Kazi Gani?

Mwaka 1972 mwanasayansi Susumu Ohno alizipa sehemu za DNA zisizo na kazi inayojulikana jina ambalo lilishika haraka: takataka. Ukizihesabu, sehemu zinazobeba maelekezo ya kutengeneza protini hazifiki hata asilimia 2 ya DNA yetu. Kwa hiyo swali lilikuwa halali: hizi nyingine zinafanya nini?

Jibu mojawapo limo kwenye chembe sahani, zile chembe ndogo zinazoziba jeraha ukijikata na panga. Chembe hizi hazina kiini. Zinameguka kutoka kwenye seli kubwa ndani ya uboho wa mifupa, kisha zinaishi siku 7 hadi 10 tu, kwa masurufu ziliyofungashiwa na mama yao. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba masurufu hayo yamejaa maikro-RNA, vipande vya herufi kama 22 hivi ambavyo havitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni kunyamazisha: inaukamata ujumbe, inauzuia usigeuke protini. Mojawapo, miR-223, inaweza kuudhibiti ujumbe wa P2Y12, kipokezi kinachozihimiza chembe zishikane. Damu isipoganda, unavuja. Ikiganda ovyo, unapata kiharusi. Hapo katikati panahitaji mtu wa kusema "basi, yatosha."

Nayasema haya kwa sababu kwetu Kisondela, huku Rungwe, nasi tunalo swali hilohilo. Mtu anapimwa kwa mikungu ya ndizi, kwa chai aliyofikisha kwenye mizani, kwa maziwa aliyokamua. Kwenye kikao cha ukoo, tulipokuwa tunachangishana hela za bima ya afya, kijana wetu mmoja aliuliza kuhusu shangazi ambaye macho na miguu vimemwishia: "Samahani wazee wangu, hivi shangazi siku hizi anafanya nini hasa?" Hakuna aliyemkemea.

Jibu rahisi ninalo. Shangazi ndiye maikro-RNA yetu. Ndiye anayejua mpaka wa shamba ulipita wapi, na ndiye anayezima ugomvi kabla haujafika kwa mtendaji wa kijiji. Hazalishi, lakini anazuia mengi yasiharibike.

Jibu hilo ni la kweli, ila lina mtego. Bado linamweka shangazi kwenye mizani ileile, tumebadilisha mawe tu. Wapo wanasayansi mpaka leo wanaoshikilia kwamba sehemu kubwa ya DNA kweli haina kazi, na huenda wako sahihi. Na shangazi naye anaweza kufika siku ambayo haukumbuki mpaka wala majina yetu. Siku hiyo tumfute kwenye orodha?

Mimi nadhani sayansi inatupa onyo moja zuri: usiite takataka kitu ambacho hujakielewa. Lakini haitupi sababu ya kumheshimu mtu. Chembe sahani ipo kwa ajili ya mwili, ikichoka inaondolewa, wala hakuna anayedhulumiwa. Shangazi hayupo kwa ajili ya ukoo. Ukoo ndio upo kwa ajili yake, kama ulivyokuwepo kwa ajili yetu tulipokuwa wachanga, tunalia tu na kunyonya, na hakuna aliyeuliza tunazalisha nini.

Wewe msomaji, kwenu mnapima kwa mizani ipi?